Mguu Umevimba Lakini Hauumi: Tahadhari!

Tukijikwaa shambani, mguu unauma. Tunachechemea, tunapumzika, mwisho unapona. Maumivu ni mlinzi wetu. Je, mlinzi huyo akilala, itakuwaje?

Habari za maumivu hupelekwa kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Siyo mishipa ya damu, ni mingine. Ugonjwa wa kisukari ukikaa miaka mingi unaweza kuiharibu mishipa hiyo. Ukoma pia huiharibu. Basi miguu inakufa ganzi. Mwiba unachoma, mtu hana habari.

Vidonda vya namna hii tunavijua. Lakini hata viungo huharibika. Tuchukue mfano wa mama mwenye kisukari. Ameteguka kifundo cha mguu akitoka kuteka maji. Haumwi sana, kwa hiyo anaendelea kulima na kubeba ndoo. Kila hatua mifupa inapasuka na kuachana. Mguu unavimba, unakuwa wa moto. Jirani anasema, "Hiyo baridi yabisi tu, mama. Kanda na maji ya moto." Kumbe maji nayo yanamwunguza bila yeye kujua! Baada ya miezi, unyayo umebinuka kama tumbo la mtumbwi. Pale penye nundu kinaanza kidonda. Kikioza, mguu unaweza kukatwa.

Daktari Jean-Martin Charcot wa Ufaransa aliueleza ugonjwa huu wa viungo mwaka 1868. Mpaka leo wengi huudhania kuwa jipu au baridi yabisi.

Tufanye nini?

1. Kama una kisukari au ganzi, kagua miguu kila jioni, hata nyayo.

2. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Mmoja ukiwa wa moto na umevimba kuliko mwenzake, usiukanyagie. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ndugu wakubebe kwa baiskeli.

3. Mwambie daktari, "Nina kisukari, na miguu ina ganzi." Picha ya kwanza ya mifupa inaweza isionyeshe kitu. Dawa kubwa ni kuupumzisha mguu: plasta ngumu na magongo, pengine kwa miezi kadhaa, mpaka joto liishe.

4. Ukiona baka kwenye ngozi lisilosikia mguso, wahi zahanati. Ukoma unapona, na dawa zake ni bure.

Ndugu msomaji, usingoje mguu uume. Huu hauumi, na hiyo ndiyo hatari yake.