Mafua makali yanapofika moyoni

Mzee wa miaka 70 akianguka kwa mshtuko wa moyo, ndugu hutafuta mchawi kwenye chumvi, sigara, presha na sukari. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wiki ile ile alikuwa hoi kitandani kwa mafua makali.

Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha hesabu ambayo sisi wa tiba ya moyo hatujaacha kuirejea. Walifuatilia wagonjwa ambao maabara ilithibitisha wameambukizwa influenza, yaani mafua makali, na ambao pia walilazwa kwa mshtuko wa moyo ndani ya mwaka mmoja kabla au baada ya kipimo hicho. Mishtuko ilikuwa 364. Kwa wiki ya kawaida ilitokea wastani wa 3.3, katika siku 7 za mwanzo baada ya kipimo ilitokea 20, yaani mara 6. Baada ya wiki hiyo, hatari ilishuka. Uzuri wa utafiti huu ni kwamba kila mgonjwa alilinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Kama alivuta sigara, alivuta mwaka mzima. Kama alikuwa na kisukari, hakukipata wiki ile ya mafua. Ni vigumu kusema kitu kingine ndicho kilichowaponza.

Mwilini hutokea hivi. Mtu mzima mwenye mafuta yaliyogandamana kwenye kuta za mishipa ya moyo anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, kwa sababu yamefunikwa na utando. Virusi vinapoingia, kinga huwaka mwili mzima, si puani na mapafuni tu. Chembe za kinga zilizo ndani ya yale mafuta huamka na kuulainisha ule utando. Ukipasuka, damu huganda papo hapo na kuziba mshipa. Wakati huo huo homa inaukimbiza moyo, mapafu yaliyojaa makohozi yanaupunja oksijeni, na mgonjwa hata maji hanywi.

Virusi vingine huingia kwenye msuli wenyewe wa moyo. Koksaki B ndivyo vinavyojulikana zaidi: hutoa kimeng'enya kinachokata distrofini, protini inayoshikilia chembe za msuli zisichanike. Wengi hupona, ila baadhi hubaki na moyo uliotanuka na kulegea. Wanaoathirika hivi mara nyingi ni vijana, na ndiyo maana naona kijana mwenye homa kurudi uwanjani “kutoa jasho” ni ushujaa usio na maana.

Je, kuzuia virusi kunaukinga moyo? Jaribio lililotangazwa mwaka 2021, lenye washiriki zaidi ya 2,500 katika nchi 8, liliwachanja dhidi ya influenza wagonjwa waliokuwa hospitalini, wengi wao kwa mshtuko wa moyo. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki, waliopata mshtuko mwingine au waliozibwa na damu kwenye mshipa uliowekewa stenti (kijibomba cha kuuacha wazi) walikuwa asilimia 5.3 kwa waliochanjwa, na asilimia 7.2 kwa wenzao waliodungwa maji ya chumvi badala ya chanjo. Kwa sindano moja ya bei nafuu, tofauti hiyo si haba. Hata hivyo kwetu ni nadra mgonjwa wa moyo kuulizwa kama ameipata.

Kwa Afrika Mashariki, habari kubwa zaidi iko kwenye VVU. Hata virusi vikidhibitiwa kwa ARV, mwako mdogo hubaki ndani ya mwili, na hatari ya magonjwa ya moyo inakadiriwa kuwa karibu mara mbili ya ile ya wasio na maambukizi. Jaribio la REPRIEVE, lililowahusisha pia Waganda, lilionyesha mwaka 2023 kwamba pitavastatini, dawa ya kundi la statini ya kushusha kolesteroli, ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa wanaoishi na VVU wenye umri wa miaka 40 hadi 75. Washiriki hawakuwa watu wa hatari kubwa kwa vipimo vya kawaida. Kwa hiyo anayekwenda kliniki ya VVU (CTC) kuchukua dawa zake, akishafika miaka 40, aombe pia kupimwa presha, sukari na kolesteroli, kisha amuulize daktari kama statini inamfaa.