Kalambay na Hagler: pambano ambalo halikupigwa

Weka Marvin Hagler kwenye pembe moja ya ulingo, Sumbu Kalambay kwenye pembe ingine. Uzito wa kati, kilo 72 na nusu. Nani anashinda?

Hawakukutana hata siku moja. Hagler alishindwa na Sugar Ray Leonard tarehe 6 Aprili 1987, kisha hakurudia tena ulingoni. Kalambay, mtoto wa Lubumbashi, alipata mkanda wa dunia tarehe 23 Oktoba mwaka ule ule. Miezi sita na zaidi kidogo tu ndiyo iliyowatenganisha.

Siku hizi kuna programu za kompyuta na za telefone zinazopiganisha mabingwa wa zamani wa namna hii. Hata Kasugho, huku kwetu Lubero, kijana mwenye telefone yenye chaji anaweza kumfufua bingwa wa mwaka 1950 na kumpambanisha na yule wa 1990. Ni mchezo, ndiyo. Lakini ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi wenyewe.

Mashine inafanya namna gani?

Kazi hii ni ya zamani kuliko telefone. Mwaka 1967, Mmarekani Murray Woroner alitangaza kwa redio mashindano ya mabingwa 16 wa uzito wa juu wa nyakati zote, yaliyohesabiwa na kompyuta. Rocky Marciano akatoka wa kwanza. Muhammad Ali, aliyepigwa na mashine bila kupanda ulingoni, alikasirika mpaka akapeleka mashitaka. Mwishoni walipatana: Ali na Marciano wakaigiza pambano mbele ya kamera mwaka 1969. Filamu ilionyeshwa Januari 1970, na Wamarekani wakaona Marciano anashinda kwa K.O. katika raundi ya 13. Uingereza walionyeshwa mwisho mwingine: Ali ndiye mshindi! Marciano hakuona hata mmoja, juu alikuwa amekwisha kufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969.

Mwaka 1979 ukatoka Marekani mchezo wa karata unaoitwa Title Bout, na baadaye ukaingia kwenye kompyuta. Kila bondia ana karata yake yenye namba. Kwa jumla michezo hii inafuata njia moja: unampa mtu pointi za nguvu ya ngumi, wepesi, pumzi, kidevu cha kuvumilia, ujuzi wa kukwepa. Kisha unaacha bahati ichague, sawa vile kutupa dadu. Njo maana pambano moja halithibitishi kitu. Ukilirudia mara mia, Hagler atashinda mara kadhaa na Kalambay mara kadhaa. Hesabu ya mara hizo ndiyo yenye maana.

Sasa swali kubwa: zile pointi za mwanzo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye maandishi. Tarehe, mpinzani, raundi, matokeo. Mashine haijui kingine.

Kalambay yupi?

Tumwangalie mtoto wa kwetu. Kalambay alizaliwa Lubumbashi mwaka 1956, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Ali alipomwangusha Foreman pale Kinshasa, Oktoba 1974, yeye alikuwa kijana wa miaka 18. Baadaye akaenda Italia, akawa bondia wa kulipwa, akachukua uraia wa kule. Wataliano wakamwita Patrizio.

Mei 1987 alikwenda London kumkuta Herol Graham, Mwingereza ambaye hakuwa amepigwa na mtu. Wengi walimwona Graham kama bingwa wa kesho. Kalambay akamshinda kwa pointi. Oktoba, pale Livorno, akamshinda Iran Barkley na kuchukua mkanda wa WBA uliokuwa wazi. Barkley huyo huyo, Juni 1988, alimwangusha Thomas Hearns. Machi 1988, Kalambay akampa Mike McCallum wa Jamaika kipigo cha kwanza cha maisha yake. Kisha akawapiga Robbie Sims, ndugu wa Hagler kwa mama, na Doug DeWitt. Hapana mchezo!

Lakini tarehe 25 Machi 1989, Las Vegas, akakutana na Michael Nunn, bingwa wa IBF. WBA ilikuwa imekwisha kumnyang'anya mkanda juu ya kukubali pambano hilo. Sekunde 88, ngumi moja ya kushoto, Kalambay chini. Kwa wapenzi wengi wa ngumi, sekunde zile ndizo zilizobaki kichwani. Miaka miwili yote ya nyuma ikafunikwa.

Basi ukimwingiza Kalambay kwenye mashine, unamwingiza yupi? Yule wa Machi 1988 aliyemfundisha McCallum, ama yule wa Machi 1989 aliyelala chini? Mwenye kujaza namba ndiye anayechagua, na uchaguzi wake unaamua nusu ya matokeo mbele kengele haijalia.

Jirani yetu wa Uganda ana shida ile ile. John Mugabi alileta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow 1980. Alipofika mbele ya Hagler, tarehe 10 Machi 1986, mapambano yake yote ya kulipwa alikuwa ameyashinda kwa K.O. Hagler alimmaliza katika raundi ya 11 tu, baada ya vita vikali, na huo ndio ulikuwa ushindi wa mwisho wa Hagler. Mwaka 1989 Mugabi akapata mkanda wa dunia kwenye uzito wa chini kidogo. Lakini mwenye kusoma orodha haraka ataona tu: alipigwa.

Kwa maoni yangu, Kalambay wa 1988 angemsumbua sana Hagler wa 1987, aliyekuwa amechoka. Jab yake na miguu yake vingempa raundi nyingi. Hagler wa 1983 ni habari ingine. Msomaji, una haki ya kukataa. Utamu wa mchezo ni hapo.

Nani anaandika yetu?

Hata hivyo, Kalambay na Mugabi wana bahati. Tunaweza kubishana juu yao kwa sababu mtu fulani, Livorno ama Las Vegas, aliandika. Kijana anayepigana leo Butembo, Beni ama kwenye senta ndogo kama Kasugho, nani anaandika raundi zake? Watu wanakimbia vita, wanabeba watoto na sufuria, makaratasi yanabaki nyumba ikiungua. Miaka 30 baadaye, wazee watasema fulani alikuwa hatari, na wajukuu watacheka.

Dawa yake si kompyuta. Ni kaye moja na bik. Andika tarehe, mahali, majina mawili, uzito, raundi ngapi, nani alishinda na namna gani. Piga picha ya ukurasa, itume kwa watu wawili walio mji mwingine, ili kaye ikiungua habari ibaki. Mwalimu wa michezo anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika tano kila pambano likiisha.