Mabati Mapya Mweso: Maji Yataenda kwa Nani?

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati, inatoa lita moja ya maji. Chukua shule au kituo cha afya chenye paa la mita za mraba 600, kisha iteremke mvua ya milimita 40, ambayo mtu aliyezoea misimu ya Masisi hawezi kuiita ya ajabu. Paa hilo peke yake litamwaga lita 24,000. Kabla jengo halijajengwa, sehemu kubwa ya maji hayo ilinywewa na nyasi na udongo. Sasa yanashuka yote kwa mara moja, na Mweso, mji mdogo wa wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, ni nchi ya vilima: chini ya kila jengo wanaishi watu.

Kwa hiyo anayekuja kujenga upya Mweso, awe serikali, kanisa au shirika, ana maswali mawili ya kujibu kabla hajashusha mfuko wa kwanza wa saruji. Maji ya jengo hili yataelekea kwa nani? Na wanaochota chini yake watayapata katika hali gani?

Maswali haya hayangoji. Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji huo zilivunjwa, na familia nyingi zikarudi Masisi. Wengi walikuta nyumba zimebomolewa. Mtu aliyelala chini ya turubai miaka miwili ana kila sababu ya kutaka paa leo, si kesho, na sitamlaumu. Lakini mwenye mradi wa majengo makubwa, mwenye fedha na wahandisi, hana udhuru huo.

Tunajua maji yanaweza kufanya nini katika Kivu. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, wilaya ya Kalehe, mvua ilinyesha milimani na mito ikashuka na mawe na matope. Nyamukubi na Bushushu zilifagiliwa. Waliokufa walipita 400. Nyumba na soko vilikuwa vimesogea hadi kwenye njia ya maji, na vilima vya juu vilikuwa vimepoteza miti. Masisi nayo ilifyekwa misitu zamani ili kupata malisho ya ng'ombe, na udongo wa mteremko ukishiba maji huporomoka.

Dar es Salaam ililipia somo hilo kwa namna nyingine. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Huduma ilianza 2016, na mafuriko yakaingia mara kwa mara, mabasi yakaharibika na barabara ikafungwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na kuihamisha karakana ni mojawapo ya kazi za mradi.

Mweso ina jambo lake la pekee, nalo ni vita. Januari 2024 makombora yalipoanguka mjini na kuua raia wasiopungua 19, maelfu ya watu walikimbilia ndani ya uzio wa Hospitali Kuu ya Rufaa, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia kwa miaka mingi. Tathmini ya kawaida kabla ya kujenga huhesabu vitanda. Tathmini ya hapa ni lazima ihesabu pia siku ile. Viwango vya misaada ya dharura vinataka walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa watu 20 hali ikitulia. Kwa watu 2,000 tu, ni lita 30,000 kila siku na vyoo 100. Mashimo ya vyoo hivyo yanatakiwa kuwa mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu. Nafasi hiyo isipoachwa kwenye mchoro, siku ya hofu vyoo vitachimbwa popote, hata juu ya chemchemi. Mkoa huu haujasahau 1994, kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kandokando ya Goma.

Sasa tuje kwenye kupima maji yenyewe. Mtaalamu akija Julai, wakati wa kiangazi, akachota chupa moja na kuondoka, ameleta karatasi isiyo na kazi. Mvua za kwanza za Septemba ndizo zinazosomba kinyesi, majivu na taka za miezi mitatu hadi mtoni. Basi apime wakati wa ukavu, apime mvua za kwanza, apime ujenzi ukiendelea, na arudi msimu mmoja baada ya jengo kukamilika. Apime juu ya kiwanja na chini yake, maana bila kipimo cha juu hakuna anayeweza kuthibitisha uchafu umeanzia wapi.

Vipimo vyenyewe si vingi. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100. Sampuli hiyo yafaa ifike maabara ndani ya saa 6, au ihifadhiwe kwenye ubaridi isizidi saa 24. Kwa barabara ya kwenda Goma, yenye tope na vizuizi, hilo ni bahati nasibu. Afadhali kifaa cha kubebeka, kinachokuza bakteria papo hapo usiku kucha kwa nyuzi 44. Uvurugu nao upimwe, kwa sababu klorini hushindwa kuua vijidudu vilivyojificha kwenye tope. Saruji huongeza balaa lake: maji ya kuoshea mashine ya zege ni makali sana, na yakipandisha pH ya chemchemi kupita 8, klorini inadhoofika.

Kwa mafuriko, kumbukumbu za mvua hapa zimekatika pamoja na vita, hivyo wazee waulizwe. Mzee aliyelima bondeni miaka 40 anajua maji yaliishia kwenye mti gani. Akishaonyesha, pawekwe alama, na kipimamvua cha bei nafuu kifungwe uwanjani siku hiyohiyo. Paa lipate mifereji na matangi. Yanayozidi yaelekezwe kwenye mtaro uliojengwa kwa mawe hadi mtoni, si kwenye shamba la jirani.

Sheria ya Kongo kuhusu mazingira, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inadai tathmini ya athari kabla ya mradi wowote unaoweza kudhuru mazingira, na inadai wananchi wasikilizwe. Wakala wa kuisimamia uko Kinshasa, na vita vimeweka umbali mkubwa zaidi kati yake na Masisi. Lakini mfadhili hahitaji askari mlangoni ili atii. Fedha ya kupima iandikwe ndani ya bajeti ya jengo, pamoja na posho ya mtu wa kamati ya maji atakayefundishwa kukitumia kifaa. Na matokeo yasiishie Goma kwa Kifaransa. Yabandikwe penye chemchemi, kwa Kiswahili, yakisema maji ya wiki hii yanywewe yalivyo au yachemshwe kwanza, ili mama anayeinua dumu lake ajue kabla hajalijaza.