Upele katika Makazi ya Wazee: Anayejikuna Si wa Kwanza Kuugua

Maswali ya wasomaji kuhusu upele yamekuwa mengi, na safari hii wanaouliza ni watu wenye wazazi kwenye makazi ya wazee, pamoja na ndugu zetu wanaofanya kazi ya kutunza wazee Uingereza na Marekani. Kisa ni kile kile. Mzee alipakwa dawa, akapata nafuu, mwezi haukuisha upele ukarudi. Dawa ilikuwa feki? Godoro lina wadudu? Au kuna mtu kamtupia jicho?

Mara nyingi dawa haina kosa. Kosa ni la utaratibu wa nyumba: unangoja mtu ajikune ndipo atibiwe, kisha unamtibu huyo peke yake.

Mwaka 2018 jarida la Lancet Infectious Diseases lilichapisha utafiti uliofanywa katika nyumba 10 za wazee kusini mashariki mwa Uingereza, zote zikiwa na mlipuko wa upele. Wakazi 230 walikaguliwa ngozi, na 61 wakakutwa na upele au dalili za kuushuku. Zaidi kidogo ya nusu ya hao 61 hawakuwa wakilalamika chochote. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, watu ambao hata ngozi ikiwaka moto hawana namna ya kueleza.

Kwa nini mtu awe na upele asiwashwe? Hapa mnivumilie kidogo, maana ndipo penye utamu. Utitiri jike wa upele, ambaye hafiki hata nusu milimita, huchimba njia katika tabaka la juu kabisa la ngozi na kutaga mayai mawili matatu kwa siku, kwa muda wa mwezi hivi. Kuchimba kwenyewe hakuwashi. Mwasho unaletwa na kinga ya mwili inapoyashtukia mate, mayai na kinyesi cha mdudu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua upele, kinga huhitaji wiki 4 hadi 6 kumtambua mgeni huyo. Aliyewahi kuugua, kinga yake ina kumbukumbu, hivyo mwasho huanza ndani ya siku 1 hadi 4.

Sasa piga hesabu. Mhudumu mpya aliyeambukizwa leo atawageuza wazee kitandani, atawaogesha na kuwavalisha kwa mwezi mzima huku akiwaambukiza, na yeye hahisi kitu. Mwenzake aliyeambukizwa jana, lakini aliwahi kuugua utotoni, ataanza kujikuna kesho kutwa. Lawama zote zitamwangukia huyu wa pili.

Kujikuna nako kuna faida yake. Mtu mwenye kinga imara hubeba utitiri 10 hadi 15 tu mwili mzima, kwa sababu kinga inawabana na kucha zinawafukua. Mzee ambaye kinga imechoka, au aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, hana ulinzi huo. Wadudu huzaliana hadi maelfu, hata mamilioni, na ngozi huota magamba manene. Ule msemo wa aliyepewa upele kunyimwa kucha, kwa wazee hawa si fumbo. Ubaya zaidi ni kwamba magamba hayo huenda yasiwashe sana, kwa hiyo mzee hutibiwa pumu ya ngozi miezi na miezi huku kila gamba linalodondoka kwenye shuka likiwa limejaa wadudu. Mgonjwa mmoja wa aina hiyo anatosha kuwaambukiza wakazi na wahudumu wa jengo zima.

Kuna watu bado wanashikilia kwamba upele ni uchafu. Mdudu yuko ndani ya ngozi, sabuni haimfikii, na vile vitakasa mikono vya mlangoni havimsumbui. Mzee anayeogeshwa kutwa mara mbili na mikono yenye upele atatakata vizuri sana na ataambukizwa vizuri sana. Wengine wanawasingizia kuku na mbwa. Utitiri wa wanyama unaweza kukuwasha siku chache, lakini hauzaliani kwenye ngozi ya binadamu. Uchawi sina la kuusemea.

Halafu kuna matabibu wa mitaani wanaopaka wazee mafuta ya taa au dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na sumu iliyotengenezwa kuua kupe haijui ikomee wapi. Wenzao wa madukani ni wajanja zaidi: wanauza krimu za mchanganyiko zenye steroidi. Steroidi inanyamazisha kinga, mwasho unapoa, mteja anashukuru, na wadudu wanaendelea kuzaliana kwa raha. Anayeuza krimu hiyo kama dawa ya upele anauza upele.

Kinachofanya kazi ni kutibu wote kwa pamoja. Zanzibar ina ushahidi wake: kampeni ya kugawa albendazo na ivamektini, ambayo huua pia utitiri wa upele, kwa ajili ya matende ilianza mwaka 2001, na baada ya miaka kadhaa wagonjwa wa upele walipungua sana kwenye vituo vya afya. Dawa ilimezwa na wanaowashwa na wasiowashwa.

Kwa makazi ya wazee, basi: akigundulika mmoja, wakazi na wafanyakazi wote watibiwe ndani ya saa 24, na warudie baada ya wiki moja hivi, kwa sababu mayai huweza kustahimili dawa. Krimu ya permethrini ya asilimia 5 hukaa mwilini usiku kucha. Kwa wazee ipakwe hadi kichwani na usoni, macho yakiepushwa. BBE, yaani dawa ya kupaka ya benzyl benzoate, ni nafuu ila inachoma. Ivamektini iandikwe na daktari. Shuka na nguo zifuliwe kwa nyuzi 60, na zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa. Mkazi mpya akaguliwe ngozi siku anapofika. Mwasho ukibaki wiki 2 hadi 4 baada ya dawa, ni kinga haijatulia. Msimpake mzee dawa kila siku.

Utaratibu wote huo utavunjwa na kitu kimoja: mshahara. Mwenye upele wa kawaida akishatibiwa ipasavyo mara ya kwanza, anaweza kurudi kazini siku inayofuata. Nyumba inayomfukuza mhudumu au kumkata siku zake kwa sababu ya upele inawafundisha waliobaki kuvaa mikono mirefu na kunyamaza.