Betri ya Sigara ya Elektroniki Hudumu Muda Gani, na kwa Nini Jambo Hilo Linatuhusu

Katika mikutano yetu na wazazi, walimu na viongozi wa mitaa, swali moja limekuwa likijitokeza mara kwa mara kuhusu sigara za elektroniki, ambazo vijana wa mijini huziita vepu: je, betri ya kifaa hicho hudumu muda gani kabla ya kuhitaji kuchajiwa tena? Huenda msomaji akashangaa kwamba polisi wanajishughulisha na swali linalomfaa fundi wa simu. Sababu yetu ni nyepesi kueleza. Kikosi cha kuzima moto na uokoaji ni sehemu ya Jeshi la Polisi la Uganda, na sisi ndio tunaoitwa bweni linapowaka. Mzazi anayejua ni mara ngapi kifaa hicho hudai umeme atajua pia ni mara ngapi mtoto anayekimiliki hulazimika kutafuta mahali pa kukichajia kwa siri.

Kwanza tuuweke wazi msimamo wa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2016, inakataza kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara za elektroniki, pamoja na shisha. Maelezo haya, basi, si mwongozo wa mnunuzi. Lakini kukatazwa kwa bidhaa hakukuifuta duniani. Vifaa hivi huingia katika mikoba ya wasafiri na huuzwa kwa minong'ono, na kwa kuwa vimepita mlango wa nyuma, hakuna mkaguzi wa viwango aliyeitazama betri iliyomo ndani. Muuzaji hatoi risiti wala dhamana, na mnunuzi aliyedanganywa hana pa kwenda kulalamika.

Sigara ya elektroniki ya aina tunayoiona leo ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Ndani yake mna vitu vitatu vya msingi: betri, waya mwembamba unaopata joto, na kimiminika ambacho kwa kawaida huwa na nikotini na vionjo. Mtumiaji anapovuta, betri hupeleka umeme katika waya, waya hupata joto, na kimiminika hugeuka mvuke. Hakuna kinachoungua kama tumbaku inavyoungua. Betri yenyewe ni ya lithiamu-ioni, ndugu wa betri iliyomo katika simu, aina iliyoanza kuuzwa madukani mwaka 1991.

Uwezo wa betri huandikwa kwa miliampea-saa. Kasi ya kuutumia umeme huo hupimwa kwa wati. Tuchukue mfano wa jerikeni la maji lenye bomba: miliampea-saa ni ukubwa wa jerikeni, na wati ni upana wa bomba. Anayeuliza jerikeni litadumu muda gani hana budi kuuliza pia bomba limefunguliwa kiasi gani.

Tufanye hesabu. Kifaa kidogo cha mfukoni mara nyingi huwa na betri ya miliampea-saa 500 hivi, yenye volti 3.7. Hiyo ni nishati ya wati-saa 1.85, sawa na jouli 6,660. Ikiwa waya unakula wati 10, betri itaweza kuupasha joto kwa sekunde 666 tu, yaani dakika 11 na sekunde chache. Mvuto mmoja ukichukua sekunde 3, tunapata mivuto 222. Katika matumizi ya kweli idadi huwa pungufu ya hapo, kwa sababu umeme kidogo hupotea njiani, na saketi iliyotengenezwa vizuri huzima kifaa kabla betri haijakauka kabisa. Vile vifaa vyembamba vilivyofanana na sigara ya kawaida, vyenye miliampea-saa 200 au chini yake, havifiki hata nusu ya idadi hiyo.

Upande wa pili kuna vifaa vikubwa vinavyotumia betri za silinda zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri moja ya namna hiyo inaweza kuwa na miliampea-saa 3,000, mara sita ya ile ya kwanza. Je, hudumu mara sita zaidi? Hapana. Mwenye kifaa kikubwa hukinunua kwa sababu anataka mvuke mwingi, naye hukiweka kwenye wati 40 au zaidi. Kwa wati 40 betri hiyo humalizika kwa sekunde 1,000 hivi, ambazo ni mivuto 333. Jerikeni limekuwa kubwa, na bomba nalo limepanuliwa.

Jambo jingine huwachanganya wengi. Pakiti za vifaa vya kutumia na kutupa huandikwa idadi kubwa ya mivuto, 5,000 au zaidi, na mtoto akamwambia mwenzake kwamba kifaa hiki hakihitaji umeme kwa mwezi mzima. Idadi hiyo inahusu kimiminika kilichomo, haihusu chaji moja ya betri. Ndiyo maana vifaa vya idadi hiyo huwa na tundu la kuchajia upande wa chini: kimiminika hakiwezi kumalizika bila betri kujazwa mara nyingi katikati.

Jibu la swali la wazazi, basi, ni hili. Kifaa kidogo, mikononi mwa mtu aliyekwisha kuzoea nikotini, hudumu siku moja, na mara nyingi hakifiki jioni. Sigara ya karatasi humalizika yenyewe na mvutaji akaitupa. Kifaa hiki hakina mwisho unaoonekana, kwa hiyo mtumiaji huvuta kidogo kidogo kutwa nzima bila kuhesabu. Betri nayo huzeeka: baada ya kuchajiwa mara mia tatu hadi mia tano, betri nyingi za aina hii hupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya uwezo wake. Anayechaji kila siku hufika hapo kabla ya mwaka na nusu kupita, kisha huanza kuchaji mara mbili kwa siku.

Hapa ndipo shughuli yetu inapoanzia. Simu ya kisasa ina betri ya miliampea-saa 4,000 au 5,000, nayo huchajiwa mezani mbele ya watu wote. Kifaa kilichokatazwa hakiwezi kuwekwa mezani. Katika bweni la shule, ambamo soketi ni chache na matroni hupita usiku, mwanafunzi hukichaji chini ya godoro, ndani ya sanduku la bati lililojaa nguo, au kwa waya aliouunganisha mwenyewe kutoka kwenye taa ya darini. Betri inapochajiwa hutoa joto, na joto hilo huhitaji hewa ya kulipoza. Godoro la sponji huzuia hewa hiyo, na sponji yenyewe hushika moto upesi na kutoa moshi mzito wenye sumu.

Msomaji mwangalifu atauliza: mbona simu nazo huchajiwa kitandani na nyumba hazilipuki kila usiku? Tofauti kubwa iko katika saketi ya ulinzi. Betri ya lithiamu-ioni ya kawaida haitakiwi kupita volti 4.2, na chaja za kawaida hutoa volti 5. Kati ya namba hizo mbili lazima pawepo saketi inayopunguza umeme na kuukata betri inapojaa. Simu ya kampuni inayoaminika inayo. Kifaa cha bei ya chini kilichopita njia za panya kinaweza kuwa na saketi hafifu, au kisiwe nayo kabisa. Hatari huzidi pale vijana wanapokifungua kifaa kisicho na tundu, wakaitoa betri na kuichaji kwa nyaya tupu. Tunalisema hili kwa mkazo: kufanya hivyo ni kuiondoa betri katika kila ulinzi iliokuwa nao.

Betri iliyochajiwa kupita kiasi, iliyopondwa, au iliyoguswa na chuma katika ncha zake zote mbili huweza kuanza kupata joto kutoka ndani. Joto huchochea kemikali zilizomo, kemikali huzidisha joto, na mzunguko huo haukomi hata ukiuchomoa waya. Ganda hufumuka, gesi zinazowaka hutoka kwa kishindo, na kipande cha chuma kinaweza kuruka kama risasi. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia majanga ya moto ilikusanya taarifa za matukio 195 ya sigara za elektroniki kulipuka au kuwaka nchini humo kati ya mwaka 2009 na 2016. Watu 133 walijeruhiwa, 38 kati yao vibaya. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ya akiba ikiwa mfukoni, 60 kikiwa kinatumiwa, na 48 kikiwa kinachajiwa. Mfukoni, mara nyingi hatari ni funguo na sarafu zinazogusa betri iliyo wazi. Sisi tunalitazama zaidi lile kundi la 48, kwa kuwa betri inayolipuka mfukoni humwunguza mtu mmoja, lakini inayowaka chini ya godoro la bweni huwakuta watoto wengi wakiwa usingizini.

Nchi yetu inajua maana ya bweni kuungua usiku. Buddo mwaka 2008, na shule ya watoto wasioona ya Salama wilayani Mukono mwezi Oktoba 2022, ambako watoto 11 walipoteza maisha, ni majina yasiyohitaji maelezo. Hatusemi kwamba sigara za elektroniki zilihusika huko. Tunasema tu kwamba baada ya misiba hiyo hatuwezi kuruhusu chanzo kingine cha moto kizoeleke mabwenini.

Mwalimu au mzazi anayefanya ukaguzi asitafute kifaa peke yake, kwani hufanana na kalamu nene, kiwashio au diski ndogo ya kompyuta. Atafute dalili za kuchaji: waya mfupi bila simu, alama ya kuungua kwenye shuka, soketi iliyofunguliwa skrubu, harufu ya matunda mahali pasipo na matunda. Kifaa kilichovimba, kilichopata joto bila kutumiwa au kinachotoa harufu kali kisichajiwe tena kwa sababu yoyote.

Kikishika moto, watoto watoke kwanza. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, ndipo maji mengi yamwagwe kutoka mbali, maana maji huipoza betri. Blanketi peke yake halitoshi, kwani joto linatoka ndani, na betri iliyozimika inaweza kuwaka tena. Asiishike mtu kwa mkono. Tupigieni 999 au 112 mapema, hata kama mnadhani mmeuweza moto.

Vifaa vilivyokamatwa visitupwe katika taka za kuchomwa uani, kama desturi yetu ilivyo katika mitaa mingi, kwa sababu betri itapasuka motoni mbele ya yule anayekoroga taka. Kiwekwe katika kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na vitu vinavyoungua, na kiletwe katika kituo cha polisi kilicho karibu au kipitishiwe kwa mwenyekiti wa LC1. Mwalimu anayetuletea kifaa alichokikuta bwenini tutamwuliza kimetoka kwa nani, kwa sababu tunamtafuta muuzaji.