Kinachosimamisha gari: jumba la mahindi na maji ya bure

Swali la kibanda cha barabarani naulizwa sana. Umepanga mahindi na matikiti yako vizuri, lakini vibanda kumi vya jirani vimepanga hivyo hivyo, na magari yanapita tu. Leo twendeni South Dakota, Marekani, jimbo la wakulima.

Mji wa Mitchell una jumba liitwalo Corn Palace, yaani kasri la mahindi. La kwanza lilijengwa 1892 ili kuwaonyesha walowezi kwamba udongo wa pale una rutuba. La sasa lilikamilika 1921. Kuta zake za nje zina picha kubwa kubwa, na hazikuchorwa kwa rangi ya dukani, ni mahindi! Wanapasua muhindi kwa urefu, wanaupigilia ukutani mmoja mmoja, maelfu kwa maelfu: mekundu, meupe, ya njano, meusi. Picha hubadilishwa kwa msimu mpya, kwa hiyo aliyepita mwaka juzi ana sababu ya kusimama tena. Ndege nao wanajilia, hadi watu wanalitania kuwa ni sahani kubwa ya ndege kuliko zote duniani.

Mahindi hayo yanalimwa hapo hapo karibu, na kila rangi ina shamba lake. Mnajua kwa nini: chavua ya mahindi inabebwa na upepo, ukichanganya rangi unavuna madoadoa. Ukitaka kujaribu kwako, tenganisha angalau mita 200, au pishanisha upandaji kwa wiki 4 hivi ili yasichanue pamoja. Na umhesabu jirani pia, maana upepo haujui mpaka.

Sasa, kwa nini mtu asimame? Msafiri kachoka, barabara imenyooka, kushoto na kulia ni yale yale. Kitu cha ajabu kinampa sababu ya kunyoosha miguu, watoto wanapiga picha, na akifika ana la kusimulia. Hata Kayabwe, Uganda, watu wanasimama kwa ajili ya alama ya Ikweta tu, kisha wananunua. (Yale maji yanayozungushwa kwenye beseni ni mchezo, yanafuata yalivyomiminwa. Lakini gari si limesimama?)

Na si lazima ujenge kasri. Zaidi ya kilomita 300 kutoka Mitchell, barabara kuu ile ile, kuna Wall Drug. Ted Hustead alinunua duka la dawa kwenye kamji hako mwaka 1931, na kwa miaka mitano wateja walikuwa wa kuhesabu. Mwaka 1936 mkewe Dorothy akapendekeza waweke vibao barabarani: maji ya barafu, bure. Watu wakaanza kuingia, wakinywa wananunua na kingine. Maji bado ni bure mpaka leo.

Angalia kibao kilikaa wapi: mbali kabla ya duka. Dereva anayekuona ukiwa mbele ya pua yake kashapita, au atafunga breki ghafla na kusababisha ajali. Mwandalie pa kuegesha, na choo safi. Kwa Tanzania, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, hivyo pima kwanza, ulizia kibali cha kibao, ndipo uchimbe shimo la nguzo.