Mti wa Upinde: Uteuzi na Ukataji wa Fito katika Nyika za Chini ya Kilimanjaro

1.0 Utangulizi

Upinde umeandikwa mara nyingi kama silaha, na mara chache sana kama mti. Makala haya yananuia kuutazama kwa upande huo wa pili: ni mti gani unaofaa, hupatikana wapi katika eneo la Moshi, na hukatwaje. Hoja yetu ni kwamba ufito wa upinde ni zao la kisiki kilicho hai. Mkataji wa mbao huuangusha mti mzima. Mkataji wa upinde huchukua chipukizi moja na kukiacha kisiki kitoe mengine. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza mahali mti wa upinde unapopatikana, na kwa nini unapungua.

Tuanze na jina. Kiswahili kina maneno mawili ya chombo hiki. Uta, ambalo wingi wake ni mata au nyuta, ni neno kongwe. Shina lake limo katika lugha nyingi za Kibantu, na Wakamba na Wakikuyu hulitumia hadi leo. Upinde limetokana na kitenzi pinda. Neno la kwanza linataja kitu tu, ilhali la pili linataja tendo ambalo mti hufanyiwa. Kwa mtazamo wa fundi, hili la pili limekaribia zaidi ukweli, ingawa nalo limeishia nusu ya njia: miti mingi hupinda, lakini inayorudi ilipokuwa baada ya kupindwa mara elfu ni michache.

2.0 Mlima na Nyika

Mgeni anayefika Moshi hudhani kwamba kila aina ya mti wa kazi hutoka mlimani. Ni kweli kwamba mlima una miti mingi. Katika vihamba vya Wachaga, juu ya migomba na mibuni, husimama mruka, msesewe na mringaringa, na kila mmoja una kazi yake. Mringaringa, mathalani, hutoa mbao nzuri, mizinga ya nyuki na ngoma. Juu zaidi ni msitu wa mvua, ambao katika miteremko ya kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hata hivyo, mti unaokua upesi katika unyevu wa namna hiyo kwa kawaida huwa na nyuzi laini, na ukipindwa hubaki umepinda.

Mti wa upinde hutafutwa chini, katika nyika kavu zinazoanza kusini mwa mji na kuendelea kuelekea Kahe, Arusha Chini na Ziwa Jipe, ambako mvua haifiki hata nusu ya ile ya msituni. Huko miti hukua polepole, na nyuzi zake hushikamana. Lakini ukavu na ugumu peke yake havitoshi. Mpingo pia ni mti wa nyika, na ugumu wake unajulikana duniani kote, kwani mti wake huzama majini na hutengenezewa zumari za Ulaya. Hata hivyo haufai kwa upinde: ni mzito mno, na ukivutwa kupita kiasi hukatika badala ya kunyumbuka. Sifa inayotakiwa ni unyumbufu, neno ambalo sisi wanaisimu tumelizoea katika maumbo ya vitenzi, na ambalo hapa lina maana yake ya asili kabisa.

Mti unaotimiza sifa hiyo katika nyika nyingi za Afrika Mashariki ni mkole, ambao wataalamu wa mimea huuita Grewia bicolor. Ni kichaka zaidi ya mti. Hutoa mashina mengi kutoka kisiki kimoja, huzaa vijitunda vitamu vinavyoliwa na watoto, na majani yake hupendwa na mbuzi. Wamasai huuita ositeti. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kwa pinde, ingawa huthamini zaidi mti mwingine, Dombeya kirkii, ambao wao huuita mutateko. Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja mpana, na magome ya jamaa zao hutoa kamba. Mti wenye nyuzi ndefu katika ganda si ajabu kuwa na nyuzi ndefu katika mwili.

3.0 Ukataji

Ufito unaofaa ni chipukizi lililonyooka, lenye unene wa kidole gumba au zaidi kidogo, na urefu unaokaribia ule wa mtu. Mkataji hutazama kwanza ganda. Mistari ya ganda ikizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimezunguka, na upinde wake utajipindua mkononi. Hali kadhalika huepuka mafundo, kwa kuwa kila fundo ni mahali ambapo nyuzi zimekatizwa.

Wakati bora wa kukata ni kiangazi. Utomvu huwa umepungua, ufito hukauka bila kupasuka sana, na wadudu hawauvamii kwa urahisi. Shoka au panga hupigwa kwa mshazari karibu na kisiki, ili maji ya mvua inayofuata yateremke badala ya kutuama na kuozesha. Mashina mengine huachwa. Mvua inapofika, kisiki huchipua tena, na machipukizi yanayotoka kwenye kisiki kikubwa huwa yamenyooka kuliko shina lililokua kutokana na mbegu, kwa sababu husukumwa na mizizi yenye nguvu na hushindania mwanga yakiwa mengi pamoja. Kwa hiyo kisiki kilichokatwa vizuri hutoa fito bora zaidi ya kile ambacho hakijaguswa.

Ganda huambuliwa ufito ungali mbichi. Hapa ndipo uangalifu mkubwa unapohitajika. Upinde unapovutwa, upande wa nje, yaani mgongo, hutanuliwa, na upande wa ndani, yaani tumbo, hubanwa. Nyuzi za mgongo zikikatwa kwa kisu, hata kidogo, mpasuko huanzia hapo. Basi mgongo huachwa jinsi mti ulivyokua, na upunguzaji wote hufanywa tumboni na kuelekea ncha, kwa kupara polepole na kujaribu kupinda kila mara. Ufito uliopinda vibaya hupashwa moto na kunyooshwa. Kisha hukaushwa kivulini, au juu ya meko ambako moshi hufukuza wadudu, na hupakwa mafuta.

Kazi hii ya kupara haina njia ya mkato popote duniani. Maiti ya kale iliyopatikana katika barafu ya milima ya Alps mwaka 1991 ilikuwa na upinde wa urefu wa meta 1.82 ambao ulikuwa haujakamilika. Alama za kuchonga zingali zinaonekana juu yake baada ya miaka zaidi ya 5,000.

4.0 Nguvu ya Upinde

Mtu anaweza kuuliza kwa nini fundi ajisumbue kiasi hiki, ikiwa kinachoua ni sumu. Sumu ya msunguti, mti unaojulikana kote katika nyika hizi, huusimamisha moyo wa mnyama mkubwa hata jeraha likiwa dogo. Jibu ni kwamba sumu haina kazi mpaka ipite ngozi. Kwa swala upinde wa wastani hutosha. Kwa ndovu hautoshi, na ndiyo maana Waata wa mashariki mwa Kenya, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walitengeneza pinde ambazo kuzivuta kulihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Unene wa ngozi ya windo ndio uliopima unene wa ufito.

Historia ya Waata inaonyesha pia jinsi ufundi unavyoweza kukoma ghafla. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948 katika sehemu kubwa ya nchi yao ya kuwindia. Katika operesheni ya mwaka 1956 na 1957 wawindaji wengi walikamatwa na kufungwa. Mti uliendelea kuota. Aliyekosekana ni mkataji.

5.0 Hali ya Leo

Upande wa Kilimanjaro mambo yamekwenda kinyume. Msitu wa mlima umelindwa kwa hatua nyingi: mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa nusu maili ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuingia ndani zaidi, Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ilipanuliwa ikauchukua msitu wa akiba. Lakini mti wa upinde haumo katika msitu huo. Umo nyikani, ambako ardhi hulimwa na mkaa huchomwa. Mchoma mkaa huchukua mashina yote kwa pamoja, na trekta hung'oa kisiki. Hata miradi ya kupanda miti haijaugusa sana. Mradi wa mpingo ulioasisiwa mwaka 1996 na Sebastian Chuwa, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefariki mwaka 2014, pamoja na Mmarekani James Harris, umesambaza miche kwa wingi, na ni jambo la kusifiwa. Lakini mpingo una soko, nao mkole hauna.

Wala hatudai hapa kwamba uwindaji urudi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na hatuna ugomvi nayo. Tatizo letu ni jingine. Pinde zinazouzwa kwa watalii huchongwa kwa mti wowote ulionyooka, kwa sababu hakuna atakayezivuta, na upinde usiovutwa hauhitaji mkole, wala kiangazi, wala kisiki.

Maneno nayo yamo hatarini. Upote, wano, chembe na podo yamo katika kamusi, kwa kuwa ni majina ya vitu vinavyoweza kuwekwa mezani na kuonyeshwa. Yale ya ukataji, yaani majina ya ganda lililosokotwa, ya chipukizi la pili, ya mkato wa mshazari, hayawezi kukusanywa mezani. Mkusanyaji wa msamiati itambidi aandamane na mzee hadi Kahe, wakati wa kiangazi, na aulize akiwa mbele ya kichaka chenyewe, kabla shamba halijakifikia.